Mwamba Viti: Historia ya Kigoda cha Miguu na Istilahi za Uwambaji

Utangulizi

Miongoni mwa kazi zinazofikishwa mbele ya afisa istilahi, zipo zinazoonekana nzito tangu mwanzo, kama zile za sheria, uganga na uhandisi. Na zipo zinazoonekana nyepesi hata mtu akaziweka kando azifanye jioni. Makala haya yanahusu kazi ya namna hii ya pili. Tuliletewa maelezo mafupi juu ya namna ya kukivika ngozi kigoda cha kuwekea miguu, kile chenye vifungo vilivyozama juu yake, ili tuyatie katika Kiswahili kwa matumizi ya wanafunzi wa ufundi. Maelezo yenyewe yalikuwa kurasa chache tu. Tuliyamaliza kwa siku mbili, tukaridhika nayo.

Baada ya hapo tukataka kuyajaribu. Tulikuwa na kigoda kikuukuu nyumbani, kiunzi chake kizima lakini ngozi yake imechakaa. Tukanunua ngozi laini ya ng'ombe, sponji, misumari midogo na vifungo 13, tukaifuata tafsiri yetu neno kwa neno. Tafsiri ilisema: funika kigoda kwa ngozi, kisha tia vifungo. Tukafunika, tukaivuta ngozi mpaka ikalia kama ngoma, tukaipigilia misumari pande zote nne, kisha tukaanza kutia vifungo. Kifungo cha kwanza kilizama kidogo tu. Cha pili kilikataa kabisa. Tulipokivuta cha tatu kwa nguvu zaidi, ngozi ilipasuka kuanzia tunduni, ikawa haifai tena.

Tulikichukua kigoda pamoja na karatasi yetu tukampelekea fundi mmoja mzee wa makochi. Aliisoma karatasi mara mbili, akatutazama, akasema: "Mwanangu, shati ndilo linalotiwa vifungo. Kiti hufungwa."

Maneno hayo machache yalitufunza kwamba kosa halikuwa la mkono bali la lugha. Maelezo ya asili yalizitaja kazi mbili, ya kuvika ngozi na ya kufunga vifungo, kama kazi moja inayokwenda pamoja. Sisi tulizipanga moja baada ya nyingine, kwa sababu katika fikira zetu kifungo ni kitu cha mwisho kuwekwa katika vazi. Sarufi ya tafsiri yetu ilikuwa safi, na kila neno lilikuwamo katika kamusi. Hata hivyo, mwanafunzi ambaye angeifuata angeharibu ngozi kama tulivyoiharibu sisi. Kwa hiyo tukarudi nyuma na kuuliza maswali ambayo tungepaswa kuyauliza mwanzo: Kitu hiki kimetoka wapi? Vifungo vyake vina kazi gani? Na je, Kiswahili hakikuwahi kuwa na kazi inayofanana na hii? Majibu ya maswali hayo ndiyo historia tunayoieleza hapa.

Kigoda na Ukuu

Kiti cha kuwekea miguu ni kitu cha kale sana. Kaburi la Farao Tutankhamun lilipofunguliwa huko Misri mwaka 1922, vilikutwa ndani yake viti pamoja na vibao vya kuwekea miguu, na juu ya baadhi ya vibao hivyo zilichorwa sura za adui waliofungwa. Mfalme alipoketi, aliwakanyaga. Fikira hiyo hiyo imo katika Zaburi, na wafasiri walioitoa Biblia ya Kiswahili ya Muungano mwaka 1952 walikutana nayo. Hawakukitafutia kitu hicho jina moja. Mahali pengine walikieleza kuwa ni pa kuwekea miguu, na mahali pengine wakataja tu chini ya miguu. Maana ilifika, lakini jina moja halikupatikana.

Na si kwamba pwani yetu haikukijua kitu chenyewe. Kiti cha enzi cha Lamu, Mombasa na Unguja, kile cha mti mweusi chenye nakshi za mfupa au pembe, na kikalio na mgongo uliosukwa kwa nyuzi, kilikuwa na mahali pa kuwekea miguu mbele yake. Kiti hicho hakikuwa cha kila mtu. Kilikaliwa na mwenye cheo au mgeni wa heshima, na miguu yake haikugusa sakafu walipokanyaga wengine. Tofauti yake na kigoda cha Ulaya ni kwamba kiwekeo hicho kilikuwa sehemu ya kiti, wala hakikusimama peke yake. Huenda ndiyo sababu hakikuhitaji jina la peke yake.

Neno kigoda, kwa upande wake, lilianza chini kabisa: ni kiti kifupi, aghalabu cha miguu mitatu, cha jikoni au cha uani. Lakini maneno nayo hupanda vyeo. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Kigoda cha Mwalimu Julius Nyerere cha taaluma za Umajumui wa Afrika, na tangu wakati huo msomaji wa magazeti akiona neno hilo hukumbuka mihadhara na maprofesa kabla ya kukumbuka jiko. Kwa hiyo tunapopendekeza kukiita kitu chetu kigoda cha miguu, tunaongeza neno miguu kwa makusudi, kusudi kila kigoda kibaki na kazi yake.

Maneno Yaliyosafiri

Viti laini vya Ulaya vina majina mengi yaliyotoka Mashariki, na wasomaji wa Kiswahili watawaona humo jamaa zao wa zamani. Neno sofa limetokana na neno la Kiarabu suffa, yaani mahali palipoinuliwa na kutandikwa pa kukalia. Wanaojua habari za msikiti wa Mtume mjini Madina wanawajua watu wa Suffa. Kigoda kipana kilichojazwa ndani, kisicho na mgongo, Waingereza hukiita ottoman, kwa jina la dola ya Waturuki. Nayo dola hiyo iliitwa kwa jina la mwasisi wake Osman, ambalo kwetu ni Athumani. Kiti hicho kilipoingia Ulaya mwishoni mwa karne ya 18 kilikuwa kirefu, cha kukaliwa na watu kadhaa. Katika karne ya 19 kikapungua, hata jina hilo likatumiwa pia kwa kigoda cha kuinulia miguu mbele ya moto. Jina la nasaba ya watawala likaishia chini ya visigino.

Habari ya neno diwani ni ya ajabu zaidi. Katika Kiajemi lilikuwa ni daftari. Kisha ofisi yenye madaftari. Kisha baraza la watu wanaokutana katika ofisi hiyo. Kisha, huko Ulaya, kiti kirefu chenye mito kama kile kilichozunguka kuta za chumba cha mkutano. Kwetu Kiswahili kilichukua njia nyingine: diwani ni mjumbe wa halmashauri, na diwani ni kitabu cha mashairi. Kwa hiyo Mzungu alilalia kitu kile kile ambacho sisi tulikipigia kura na kukisoma.

Wala tusimcheke, maana sisi nasi tulifanya hivyo kwa kinyume. Baraza ni kikalio cha mawe au udongo mbele ya nyumba. Watu walikaa hapo wakazungumza. Mazungumzo yakawa mashauri. Na mashauri yakachukua jina la kikalio. Diwani ni mkutano uliogeuka kiti, na baraza ni kiti kilichogeuka mkutano. Anayefanya kazi katika baraza la lugha angefaa kulikumbuka jambo hili kila anapodhani kwamba neno lina maana moja iliyofungwa kwa misumari.

Ufundi wa Kuvika Viti Ulaya

Tuliposhika kamusi kutafuta jina la ufundi wenyewe, tuligundua kwamba mataifa ya Ulaya hayakukubaliana. Waingereza walimwita fundi kwa kitenzi cha kutunza na kudumisha, kwa kuwa mwanzoni alikuwa mtu wa kutengeneza na kuuza tena vitu vilivyotumika, vikiwamo vitanda na matandiko. Wafaransa walimwita kwa jina la mazulia na mapazia ya ukutani. Wajerumani walimwita kwa jina la mto wa kukalia. Ufundi ni mmoja, lakini kila lugha iliutazama kutoka dirisha lake. Hapa mfasiri anapata ruhusa kubwa: hana sababu ya kuchungulia kupitia dirisha la Mwingereza ikiwa nyumba yake ina madirisha.

Huko London chama cha mafundi hao kilipewa nembo yake mwaka 1465, na hati ya kifalme mwaka 1626. Ugomvi wao mkubwa na walaghai haukuwa juu ya kitambaa kinachoonekana bali juu ya kilichomo ndani. Mnunuzi huona ngozi, haoni kilichoshindiliwa. Kwa ajili hiyo mwaka 1495 ilitungwa sheria Uingereza dhidi ya magodoro na mito iliyojazwa vitu vibovu. Kijazio kilichosifiwa kuliko vyote kilikuwa singa za farasi. Singa hizo zilioshwa, zikasokotwa kama kamba, zikapashwa moto zishike mizunguko, kisha zikafumuliwa. Nazo zikawa na nguvu ya kurudi juu kila zinapokandamizwa.

Mabadiliko makubwa yalikuja katika karne ya 19. Mwaka 1822 Georg Junigl wa Vienna alipata hataza ya kutumia springi katika viti, na mwaka 1828 Samuel Pratt wa London akapata yake. Springi zilihitaji nafasi. Kiti kikawa kinene. Na juu ya springi kukawekwa kijazio kingi kuliko zamani. Hapo ndipo lilipozuka tatizo ambalo vifungo vilikuja kulitatua. Kijazio kinene hakitulii. Mtu akikaa mara nyingi, singa hukimbilia pembeni, katikati pakabaki shimo. Mafundi walikuwa wamezoea tangu karne ya 18 kupitisha uzi kutoka juu hadi chini ya kikalio na kuukaza, huku juu wakiweka kishada kidogo cha nyuzi ili fundo lisizame na kupotea. Sasa wakaweka kifungo badala ya kishada, wakavuta zaidi, na ngozi iliyolegea kati ya kifungo na kifungo wakaikunja marinda yaliyonyooka. Ndipo likapatikana lile umbo la uru, kama uru wa karata, tunaloliona juu ya viti vya ngozi hadi leo.

Basi kifungo hakikuanza kuwa pambo. Kilianza kuwa nanga. Uzuri ulikuja baadaye, kama ulivyokuja uzuri wa nakshi za milango yetu juu ya mbao zilizokuwa za kuzuia wezi. Na hapa Kiswahili kina bahati ambayo Kiingereza hakina. Neno la Kiingereza lilitoka Ufaransa likiwa na maana ya kitu kinachochomoza, kama kitumba cha ua, linaeleza umbo. Neno letu limetokana na kufunga, linaeleza kazi. Katika shati kifungo hufunga nafasi iliyo wazi. Katika kigoda hufunga kijazio kisihame. Fundi mzee alikuwa amelisikia neno hilo likisema kweli yake, wakati sisi tulikuwa tumelisikia kama jina la kitu cha duara chenye matundu.

Baada ya mwaka 1937, Otto Bayer na wenzake walipoanzisha nchini Ujerumani kemia ya poliuretani, njia ilifunguka ya kutengeneza sponji laini, nayo ilienea sana tangu miaka ya 1950. Sponji ni rahisi na nyepesi, na ndiyo iliyouwezesha ufundi huu kufanywa nyumbani na mtu asiyekuwa fundi. Lakini ilileta hatari ambayo singa hazikuwa nayo: ikishika moto huwaka upesi na kutoa moshi wenye sumu. Mwaka 1979 duka moja kubwa la mjini Manchester liliungua, moto ukaanzia katika samani, na watu 10 wakafa. Mwaka 1988 Uingereza ikatunga kanuni za usalama wa moto wa samani, zinazotaka kijazio na kifuniko vijaribiwe. Mfasiri anayeandika pamba kila anapokuta kijazio cha namna yoyote hafanyi kosa dogo. Karatasi inayoonya juu ya sponji ikisema pamba, onyo limepotea njiani.

Hazina Tuliyokuwa Nayo

Tukirudi kwetu, tutaona kwamba Mswahili hakuwa na kigoda chenye vifungo, lakini alikuwa na kitanda, ngoma na cherehani. Na katika vitu hivyo vitatu imo karibu kila kazi tunayoitafutia jina.

Tuanze na kitanda cha kamba. Kiunzi chake kina majina kamili: miguu ni matendegu, miti mirefu ya ubavuni ni mifumbati, miti mifupi ya kichwani na miguuni ni vitakizo. Mafundi wa leo husema fremu na miguu, na si kosa; lakini mwalimu anayetaka kumwambia mwanafunzi apigilie mkanda kwanza katika mti mrefu kisha katika mfupi hana haja ya kueleza kwa sentensi mbili. Mfumbati na kitakizo vinamngojea. Kati ya miti hiyo hupitishwa kamba ya usumba au ya ukindu, ikikazwa na kupishana juu na chini. Kazi hiyo huitwa kuwamba kitanda.

Kitenzi hicho, wamba, ni cha Kibantu kwa asili, na maana yake ni kutandaza kitu na kukivuta kutoka pande zote mpaka kikaze. Huwambwa ngozi mbichi kwa vigingi ikaushwe juani. Huwambwa ngoma. Huwambwa kitanda. Humo kimetoka kiwambo, yaani kitu kilichokazwa juu ya uwazi, ambacho wataalamu wa sayansi wamekitumia kwa ngozi nyembamba iliyo ndani ya sikio. Ni neno lililokwisha kuvuka kutoka karakana hadi maabara bila kuvunjika mguu.

Tulimwuliza fundi wetu anaiitaje kazi ya kukivika kiti ngozi. Alisema kuvalisha, au kupiga kitambaa, au kufanya kochi. Kisha tukamwuliza anaiitaje kazi ya kukaza ile mikanda ya chini inayobeba springi. Alijibu bila kusita: kuwamba. Baba yake, alituambia, alikuwa akiwamba vitanda. Neno lilikuwa limo mkononi mwake. Halikuwa limepanda tu kutoka chini ya kiti hadi juu yake.

Kwa upande wa vijazio, pwani ina utajiri. Sufi hutoka katika msufi, na magodoro mengi yamejazwa kwayo. Usumba hutoka katika makumbi ya nazi. Singa ni nywele za mkia au shingo za mnyama, na kila anayeujua usinga wa mganga au wa mzee wa baraza anazijua. Kila kimoja kina tabia yake, na kila kimoja kina jina. Tumeogopa kulitumia neno ujazo kwa vitu hivi vyote, kwa kuwa limekwisha kupewa kazi katika hesabu, tunapendekeza kijazio.

Ngozi nayo ina historia. Kuitengeneza isioze ni kuidabaghi, na kwa muda mrefu kazi hiyo ilifanywa kwa magome ya miti. Magome ya mikoko ya Rufiji yalisafirishwa Ulaya kwa kazi hii wakati wa utawala wa Wajerumani. Ngozi nyingi ya viti ya siku hizi hutengenezwa kwa chumvi za kromi, nayo ni laini na hukunjika bila kupasuka. Tofauti hii yafaa itajwe katika maelezo ya ufundi, maana ngozi ngumu ya viatu haikubali marinda.

Mshonaji wa nguo, mwishowe, ametupa maneno ya sehemu ya juu: mshono, pindo, rinda, na kupiga bandi, yaani kushikiza kwa muda kabla ya kushona kabisa. Mwenye kiti naye hupigilia misumari nusu, atazame kama ngozi imekaa sawa, ndipo aizamishe. Hiyo ni bandi ya misumari, na mafundi wawili tuliowaambia hivyo walielewa papo hapo.

Kazi Yenyewe

Yafaa sasa tueleze kazi kwa ufupi, ili ionekane kama maneno haya yanabeba mzigo. Kigoda chetu kina kiunzi cha matendegu manne, mifumbati miwili na vitakizo viwili. Kwanza huwambwa mikanda, ikipishana kama mkeka, na juu yake hupigiliwa kitambaa cha gunia. Juu ya gunia huwekwa kijazio. Sisi tulitumia sponji ya unene wa sentimita 8. Katika sponji hupimwa na kutobolewa matundu ya vifungo, kwa safu za tatu, mbili, tatu, mbili, tatu, jumla 13.

Hapa ndipo siri ilipo. Ngozi nayo hutiwa alama kwa upande wa ndani, lakini alama zake huachana zaidi kuliko matundu ya sponji. Mahali ambapo matundu yameachana sentimita 12, alama za ngozi zetu ziliachana kama sentimita 15, kwa sababu ngozi haina budi kushuka ndani ya tundu na kupanda tena. Ziada hiyo ndiyo inayokuwa marinda. Atakayeivuta ngozi kwanza, kama tulivyofanya, ameiondoa ziada kabla haijatumika.

Kisha hufungwa kifungo cha katikati. Shazia ndefu hupitisha uzi imara wa kitani kutoka juu hadi chini ya mikanda. Uzi hukazwa kwa fundo la kitanzi, linaloweza kutelezeshwa, na chini ya fundo huwekwa kipande cha kitambaa kilichosokotwa ili lisipenye. Halikazwi moja kwa moja. Hufungwa vile vinavyokizunguka, marinda hulazwa kwa kijiti butu, mikunjo ikielekea upande mmoja. Ndipo vyote huzamishwa polepole hadi kina kimoja. Vifungo vikiisha, ndipo ngozi ya pembeni huvutwa na kupigwa bandi katika mifumbati na vitakizo, ikianzia katikati ya kila upande na kwenda pembeni, upande huu na upande unaouelekea kwa zamu. Mwisho misumari huzamishwa, na chini hufunikwa kwa kitambaa cheusi kuzuia vumbi.

Kwa hiyo sentensi yetu ya kwanza, iliyosema funika kisha tia vifungo, imekuwa sasa: wamba ngozi kwa vifungo ukianzia katikati, kisha kaza kingo. Tofauti ya urefu ni maneno machache. Tofauti ya matokeo ni ngozi nzima.

Pingamizi na Mapendekezo

Tunajua pingamizi zitakazoletwa. La kwanza ni la sikio: kuwamba kunakaribiana na kwamba. Tunajibu kwamba muktadha hutenganisha, kama unavyotenganisha mto wa maji na mto wa kulalia. La pili ni zito zaidi: tukimwita fundi mwambaji, atadhaniwa ni mtu wa kuamba watu, na hakuna fundi atakayependa kubandika mlangoni kibao cha kumtangaza kuwa msengenyaji. Hapa methali imetuokoa. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Nao hawakusema mwambaji. Kwa mfano huo huo tunapendekeza mwamba viti.

Hatukutafuta neno la asili kwa kila kitu. Kamani ni neno zuri, lakini karakanani husikika zaidi kwa saa na mashine. Springi ya kiti iachwe iitwe springi. Sponji nayo iachwe. Neno lililokwisha kukaa vizuri halina haja ya kuvalishwa upya. Mapendekezo yetu ni haya:

Uwambaji: ufundi wa kukivika kiti mikanda, kijazio na kifuniko.
Mwamba viti: fundi wa kazi hiyo.
Kigoda cha miguu: kiti kifupi cha kuwekea miguu.
Mfumbati, kitakizo, tendegu: mti wa ubavuni, mti wa mwishoni, na mguu wa kiunzi.
Mkanda wa kuwambia: utepe imara unaokazwa chini ya kijazio.
Kijazio: kitu chochote cha kushindilia ndani, aina yake itajwe daima, yaani singa, usumba, sufi, pamba au sponji.
Kuwamba kwa vifungo: kuvika kifuniko huku kikifungwa chini kwa vifungo vinavyozama.
Umbo la uru: sura inayopatikana kati ya vifungo vinne.
Bandi ya misumari: kupigilia nusu kwa muda.

Hatima

Methali ya mwamba ngoma ilisemwa kwa kumlaumu mtu anayejipendelea, nasi tumejiona ndani yake. Tulipotafsiri mezani bila kumwuliza fundi, tuliivutia ngozi kwetu: kwenye kamusi zetu, mashati yetu, na haraka yetu. Mwamba viti hawezi kufanya hivyo. Akivuta upande mmoja tu, vifungo vyote huenda upande. Hana budi kuvuta huku na huku, kidogo kidogo, akirudi mara kwa mara kutazama katikati.

Tunawaomba basi walimu wa vyuo vya ufundi, wafasiri na watumishi wa serikali watuletee maneno wanayoyasikia katika karakana za sehemu zao, hata yakipingana na haya yetu, pamoja na maelezo ya kazi ambayo neno hilo hutumika. Neno lisilo na kazi yake tutashindwa kulipima. Tafsiri ile ya kwanza tumeiondoa, na mpya haijapelekwa kwa wanafunzi. Itapelekwa baada ya mafundi watatu kuisoma na kuvika vigoda vitatu kwa kuifuata, bila sisi kuwapo kuwaeleza.